Nani aliyekaa akaona sayari ikiumbika?

Suali limetoka kwa mvuvi wa Tumbe, Pemba. Nimelifupisha kidogo:

"Assalaam alaykum Maalim. Nimetumiwa kwenye simu picha ya nyota imezungukwa na pete za rangi ya machungwa, na chini yake imeandikwa kwamba humo ndimo sayari zinamoumbika. Mimi huvua usiku, nyota nazijua, na hiyo yenye pete sijaiona hata siku moja. Halafu nasikia sayari moja yataka mamilioni ya miaka hadi ikamilike. Sasa huyo aliyesema zinaumbika, alikaa wapi akaona? Mwanangu wa skuli ananambia hizo ni picha za kompyuta tu, nisijisumbue. Nani mkweli?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwanao ana nusu ya haki, na nusu hiyo nitampa. Lakini kabla ya hapo tuitambue picha yenyewe.

Kwa maelezo yako, nadhani umetumiwa picha ya nyota iitwayo HL Tauri. Ilitolewa Novemba 2014 na ndiyo inayosambaa zaidi kila watu wanapozungumza habari hizi. Nyota hiyo iko umbali wa miaka ya nuru 450 hivi (mwaka wa nuru ni masafa ambayo mwanga huyakata kwa mwaka mmoja), na pahala pake angani wewe unapajua: toka kwenye Kilimia uje kwenye ile nyota kubwa yenye wekundu, Dabarani, kisha nyoosha mkono. HL Tauri iko kama upana wa kidole kimoja kaskazini ya Dabarani. Umeipita mara nyingi sana bila kuiona, kwa sababu ni hafifu mno kwa jicho la mtu, na vumbi lililoizunguka linaizidishia kiza.

Picha ile ilipigwa na mtambo wa ALMA ulioko jangwa la Atacama, nchini Chile, kwenye uwanda ulio mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Si darubini moja, ni antena 66 zinazofanya kazi pamoja. Haziangalii mwanga tunaouona sisi. Zinapokea mawimbi yenye urefu wa kama milimita moja, na mawimbi ya namna hiyo hutoka kwenye vumbi baridi na kulipenya. Hapo ndipo mwanao anapopata haki yake: mawimbi hayo hayana rangi. Ile rangi ya machungwa imepakwa na watu ili jicho litofautishe palipo na nguvu na palipo hafifu. Na picha haitoki kwenye antena ikiwa tayari. Kila antena mbili hulinganisha zilichopokea, vipimo vyote hupelekwa kwenye kompyuta kubwa, nayo ndiyo inayoviunganisha. Lakini pete zenyewe zimo kwenye vipimo. Ukipima tena mwaka mwengine, kwa urefu mwengine wa mawimbi, pete zinarudi palepale. Kwa hiyo mwambie: rangi ni ya kupaka, pete ni za kweli.

Sasa nani alikaa akaona. Hakuna aliyekaa. Mgeni akishuka Mkoani asubuhi, akatembezwa kwenye mashamba ya karafuu mpaka magharibi, atakuwa ameona miche kwenye kitalu, miti midogo isiyozaa bado, miti mikubwa iliyosheheni, na mikongwe iliyoanza kukauka juu. Hakukaa Pemba hata wiki, ila maisha ya mkarafuu ameyajua. Wanafalaki wanafanya hivyohivyo, tafauti ni kwamba shamba lao ni pana.

Tuzihisabu nyota kwa umri. HL Tauri haijafika, au ndiyo kwanza inafika, miaka milioni moja. Sahani yake, yaani lile bapa la gesi na vumbi linaloizunguka, imejaa. Ipo nyengine, PDS 70, yenye miaka milioni 5 hivi. Sahani yake imeshatobolewa katikati, na nitarudi kwake kwa sababu ndiyo hasa jibu la suali lako. TW Hydrae ina kama miaka milioni 10, iko karibu nasi zaidi, chini kidogo ya miaka ya nuru 200, na bado imebakisha gesi, jambo ambalo kwa umri wake ni nadra. Beta Pictoris ina miaka milioni 20 na kitu. Gesi karibu yote imekwisha, kilichobaki ni vumbi la mawe yanayogongana. Kisha tukija kwenye Kilimia chenyewe, nyota zile zina kama miaka milioni 100, na hapo sahani za kuumbia sayari hakuna tena. Jua letu lina miaka milioni 4,600. Ukizipanga hivi, na si hizi tu bali mamia ya nyota nyengine changa zilizokwisha pimwa, unaona kwamba nyota nyingi hupoteza gesi yake ndani ya miaka milioni chache, na chache mno huvuka milioni 10 zikiwa nayo bado. Sayari kubwa ya gesi, mfano wa Mshtarii (Jupita), lazima iwe imeshashiba kabla ya hapo.

Utaniuliza umri wenyewe unajulikanaje. Nyota huzaliwa kwa makundi, na kundi huendelea kusafiri pamoja. Ukilipima kundi zima, joto na mng'aro wa nyota zake, unaupata umri. Aidha nyota changa huwa bado ina madini ya lithiamu, ambayo nyota mithili ya Jua huyaunguza kadiri inavyokua. Si hesabu ya tarehe ya kuzaliwa, lakini inatosha kutenganisha milioni moja na milioni ishirini.

Turudi kwenye sahani. Mwanzo ni wingu la gesi baridi linalojikunja kwa uzito wake lenyewe. Sehemu kubwa huishia katikati ikawa nyota. Ila wingu lilikuwa likizunguka tangu mwanzo, japo polepole, na kila likisinyaa mzunguko unashika kasi. Vitu vya pembeni haviwezi tena kuanguka moja kwa moja. Hubaki vikiizunguka nyota katika bapa moja pana. Karibu yote ni gesi, hasa haidrojeni na heliamu. Vumbi hukadiriwa kuwa sehemu moja tu katika mia, na chembe zake mwanzoni ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Dunia hii tunayoikanyaga, pamoja na chuma cha nanga yako, imetoka kwenye hiyo sehemu moja.

Chembe hugusana, hunata, zinakuwa changarawe. Mpaka hapo hakuna mgogoro. Mgogoro unaanza zikifika ukubwa wa jiwe la mita moja hivi. Gesi ndani ya sahani ina shinikizo lake, kwa hiyo huzunguka polepole kidogo kuliko jiwe. Jiwe basi linakwenda daima likikutana na upepo wa mbele. Linapungukiwa na kasi, linaserereka kuelekea kwenye nyota. Kwa umbali kama wetu kutoka kwenye Jua, jiwe la namna hiyo linaweza kumezwa na nyota ndani ya miaka mia chache. Miaka mia chache! Na sayari inataka mamilioni. Tangu miaka ya 1970 hesabu hii imewaumiza watu vichwa, maana ukiifuata kama ilivyo, sayari zisingekuwepo.

Ndiyo maana pete za HL Tauri ziliwashtua wataalamu kuliko zilivyotushtua sisi wengine. Ikiwa pana ukanda ambao shinikizo la gesi limepanda, changarawe zikifika hapo zinasimama, hazisereki tena. Zinajazana. Zikijazana vya kutosha, uzito wao wenyewe unazikusanya kwa mkupuo mmoja zikawa miamba ya makumi au mamia ya kilomita, na mwamba mkubwa kiasi hicho haubabaishwi na upepo wa gesi. Pete, basi, ni pahala pa kunusuru changarawe. Mwaka 2018 ALMA ilitoa picha za sahani 20 zilizo jirani, na pete na mianya ikaonekana karibu kila palipotazamwa. Ile ya mwaka 2014 haikuwa kioja peke yake.

Lakini, na hapa nataka unisikilize vizuri, pete si sayari. Sayari ikishaumbika hufagia njia yake, ikaacha mwanya, na nje ya mwanya changarawe zikajipanga pete. Hiyo njia moja. Njia ya pili, pete inaweza kutokea yenyewe kwa mambo ya gesi, joto na sumaku, au pale barafu ya aina fulani inapogeuka mvuke, na sayari ikaja kuumbika baadaye ndani ya pete hiyo, au isiumbike kabisa. Ukitazama picha tu huwezi kusema ipi imetangulia. Katika mianya ya HL Tauri haijathibitishwa hata sayari moja kwa kuonekana yenyewe. Mimi ningekuwa ndiye niliyeandika maneno chini ya picha uliyotumiwa, ningeandika "huenda zinaumbika", nikaishia hapo. Neno "huenda" lina uzito wake, na watu wa habari hulitupa kwanza.

Sasa PDS 70. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu humo "huenda" imepungua sana. Iko umbali wa miaka ya nuru 370 hivi, katika kundi la nyota liitwalo Kantarusi, na ni ndogo kidogo kuliko Jua. Mwaka 2018 wanafalaki wanaotumia darubini kubwa ya VLT, hukohuko Chile, yenye kioo cha mita 8.2, walitoa picha yake wakiwa wameiziba nyota kwa kidude maalumu ili mwanga wake usiwapofue. Katikati kumebaki duara jeusi. Pembeni kidogo ya weusi huo, ndani ya uwazi wa sahani, iko nukta moja inayong'aa. Hiyo ndiyo PDS 70 b. Mwaka uliofuata ikathibitishwa ya pili, PDS 70 c, iliyojibanza karibu na ukingo wa ndani wa pete kubwa ya nje. Ya kwanza iko mbali na nyota yake kama mara 22 ya umbali wa Dunia na Jua, ya pili mara 34. Ukizileta kwetu, moja ingezunguka nje kidogo ya Uranusi na nyengine nje kidogo ya Neptuni. Uzito wao haujakazwa sawasawa, ila kila moja inakisiwa kuwa mara kadhaa ya Mshtarii.

Wamejuaje kwamba si tone la vumbi tu? Kwanza, imesogea. Walirudi kwenye picha za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa, wakapiga mpya, na nukta ilikuwa imehama kwa kiasi kilekile ambacho kitu kinachoizunguka nyota ile kwa umbali ule kingepaswa kuhama. Sayari b inamaliza mzunguko mmoja kwa miaka 120 hivi, kwa hiyo katika miaka michache inajongea kidogo tu, lakini kujongea huko kunapimika.

Pili, na hili ndilo linalokujibu wewe uliyeuliza nani ameona, nukta zote mbili zinatoa mwanga mwekundu wa haidrojeni moto, ule wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 656. Haidrojeni haitoi mwanga huo ikiwa imetulia mahali baridi. Inautoa inapoanguka kwa kasi ikajigonga na kupata joto kali. Maana yake gesi inaziangukia sayari zile. Zinakula. Hatuna haja ya kungoja miaka milioni tuone kama zimenenepa. Tunaona tonge likiingia kinywani.

Mwaka 2021 ALMA ikaonesha wazi kwamba PDS 70 c nayo ina sahani yake ndogo ya vumbi, upana wake kama umbali wa kutoka hapa mpaka kwenye Jua, na vumbi la kutosha kuumbia hadi miezi mitatu ya ukubwa wa huu wetu. Na mwaka 2023 darubini ya James Webb, iliyoko anga za juu, ikakuta mvuke wa maji kwenye sehemu ya ndani ya sahani ya nyota yenyewe, ndani ya kilomita milioni 160, yaani eneo ambalo kwetu sisi Dunia ingekuwamo. Kama humo imo sayari ya mawe, bado haijaonekana. Ila maji yapo yakingoja.

(Kumbuka pia kwamba mwanga huo umesafiri miaka 370. Ulipoondoka kule, Mreno alikuwa bado ndani ya Ngome ya Mombasa, na Waomani walikuwa hawajaichukua mpaka 1698. Kwa umri wa nyota hiyo ni jana asubuhi, lakini ni vizuri kujua.)

Usije ukadhani kila nukta ikitangazwa basi imekwisha. Mwaka 2008 palitangazwa sayari kwenye nyota ya Fomalhaut, nyota kubwa tu unayoiona kusini mwisho wa mwaka, na picha ilikuwa imepigwa na darubini ya Hubble. Kidogo kidogo nukta ile ikapanuka, ikafifia, ikapotea. Mwaka 2020 ikatolewa hoja, nami naiona ina nguvu, kwamba haikuwa sayari bali wingu la vumbi lililotokana na miamba miwili kugongana. Sayari haifutiki kwa miaka michache. Kwa hiyo nukta ya PDS 70 b naiamini kwa sababu imesogea inavyotakiwa, na inang'aa inavyotakiwa, na darubini tafauti zimeikuta palepale.

Kuna ushahidi mwengine ambao hauhitaji darubini, na uko nchini mwetu. Ukipata safari ya bara, ukafika mkoa wa Songwe, kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokisiwa kuwa na tani 16. Ukilitazama ni chuma kitupu kilichochanganyika na nikeli. Chuma hakijitengi na mawe kwa namna hiyo kwenye vumbi baridi. Lazima kitu kizima kiyeyuke, kizito kizame katikati. Vimondo vya chuma vinaelezwa hivyo: ni matumbo ya sayari ndogondogo zilizoumbika mapema sana katika sahani ya Jua letu, zikayeyuka, kisha zikavunjwa. Na kwenye kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico mwaka 1969, mna punje nyeupe zilizopimwa umri wa miaka milioni 4,567, ambazo ndizo vitu vigumu vya mwanzo kabisa kupatikana katika mfumo wetu. Kwa hiyo tunayoyaona kwa HL Tauri na PDS 70 hatuyaoni kwa wenzetu tu. Kwetu yalitokea, na mabaki yake unaweza kuyatia mkono.

Limebaki lile la kuona kwa macho yako. PDS 70 yenyewe hutaiona, ni hafifu mara mia kadhaa kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho zuri linaifikia. Lakini pahala pake utapaona. Mwezi wa Juni mwanzoni, saa 3 usiku, zile nyota mbili kali zilizo pembeni mwa Msalaba wa Kusini zinakuwa kusini kabisa. Chukua ile iliyo karibu zaidi na Msalaba, nyoosha mkono, pima shubiri moja kwenda juu moja kwa moja. Hapo ulipofika ndipo PDS 70 ilipo. Ukiongeza vidole vitatu zaidi utagonga nyota inayoonekana vizuri iitwayo Menkent. Ukiiona hiyo ujue umepita.

Mojawapo yenye sahani ambayo unaweza kuiona nyota yake bila chombo chochote ni Beta Pictoris. Sahani yake iligunduliwa kwa darubini ya anga za juu iitwayo IRAS mwaka 1983, ikapigwa picha mwaka uliofuata, na sasa inajulikana kuwa na sayari mbili kubwa, pamoja na nyota mkia zinazoirukia kila mara na kugeuka mvuke. Ingoje kaskazi, mwanzo wa Februari, saa 3 usiku, usiku usio na mwezi. Zima taa za chombo kwanza, jicho lizoee kiza. Geukia kusini uitafute Suheli, itakuwa kama nusu ya njia kati ya upeo na utosi, nayo huwezi kuikosea. Kutoka Suheli nenda mkono wa kulia, upande wa magharibi, kwa zaidi kidogo ya vidole vitatu. Utakuta nyota ya kiasi, nyeupe, isiyo na makeke. Ipo nyengine hafifu zaidi chini yake kwa upande wa kusini, hiyo siyo. Pete hutaziona, na mwanao mwambie mapema asije akasema nimekudanganya.